Kueleza, kufafanua, kufahamisha: mwongozo kamili wa kuchagua kisawe sahihi cha Kiingereza

"Nieleze." Ni neno moja, na ndani yake wamo watu wawili: anayeombwa aeleze, na mimi ninayetaka kuelewa. Kiambishi "ni" kinanibeba bila shida. Lihamishe neno hilo kwenda Kiingereza kama lilivyo na utapata "Explain me". Kila anayekijua Kiingereza atakuelewa, na kila mmoja atatambua papo hapo kwamba sentensi imepinda. Neno "explain" halina kosa lolote. Kosa ni mahali alipowekwa huyo "me".

Naanzia hapo kwa makusudi. Maelezo mengi ya visawe humpa msomaji orodha ndefu (explain, clarify, elucidate, enlighten, inform, instruct, apprise) kisha humwacha achague linalompendeza. Maneno hayo yanakaribiana maana, ni kweli, lakini hayakai kwenye sentensi kwa namna moja, na sisi tunaofikiri kwa Kiswahili hujikwaa kwenye ukaaji huo kabla hatujafika hata kwenye tofauti za maana. Nimesahihisha barua na ripoti nyingi za Kiingereza zilizoandikwa na wazungumzaji wa Kiswahili. Katika kundi hili la maneno, waliochagua neno lisilofaa ni wachache kuliko waliochagua neno zuri kisha wakalikalisha vibaya. Basi tuanze na sarufi, ndipo tuje kwenye maana, uzito na hisia.

Hatua ya kwanza: kitenzi kinamgusa mtu au kinaligusa jambo?

Kiswahili kina ukarimu kwa mtu anayepokea maarifa. Nijulishe, nifahamishe, nieleweshe, nifundishe, nielekeze: vitenzi vyote hivi vinampokea moja kwa moja. Kile kisichompokea, kama "fafanua", tunakitia kwenye kauli ya kutendea na mlango unafunguka: "nifafanulie". "Bainisha" inakuwa "nibainishie", "chambua" inakuwa "nichambulie". Hakuna kitenzi cha jamii hii kinachotushinda.

Kiingereza hakina mnyambuliko huo. Kila kitenzi kimekwisha kuamua nani anakaa karibu nacho, na huwezi kukibembeleza kwa kuongeza silabi. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza "neno hili lina maana gani?", uliza "neno hili linashika nani?"

Kundi la kwanza linamshika mtu. Humo mna inform, notify, brief, update, advise, remind, educate, instruct, enlighten, apprise, acquaint na familiarize. Anayepewa maarifa anafuata kitenzi bila kitu katikati, na jambo lenyewe linakuja baadaye. "She informed me of the delay": alinijulisha kuhusu ucheleweshaji. "They briefed us on the plan": walitupa maelezo mafupi kuhusu mpango. Ukimwondoa mtu, sentensi inabaki na pengo. "He informed that the meeting was over" si sahihi, kwa sababu "inform" bado inamtafuta mtu wake. Ama mpe, "He informed us that the meeting was over", ama ubadilishe kitenzi, "He announced that the meeting was over", maana "announce" haimhitaji mtu.

Kundi la pili linalishika jambo: explain, clarify, elucidate, illustrate, demonstrate, describe, interpret, simplify, spell out. Hapa kinachofuata kitenzi ni hoja, kanuni, tatizo, neno gumu. Mtu, akihitajika, huja akiwa ameshikwa mkono na "to" au "for". "He explained the rules to me." "Could you clarify this point for us?" Anayeandika "Describe me your plan" au "Demonstrate us the method" amefanya kosa lile lile la "Explain me" kwa nguo nyingine.

Kuna mahali pa kuangalia kwa makini. Jambo likiwa refu, Kiingereza humtanguliza mtu ili sentensi isilemee upande mmoja: "Explain to me how the machine works." Hiyo ni sahihi. Mtu amesogea mbele, lakini "to" yake hakuiacha nyuma. Wengi husikia sentensi za namna hii, hawaisikii ile "to" ndogo inayotamkwa haraka, kisha wanaamini kwamba wamemsikia Mwingereza akisema "explain me".

Kundi la tatu ni dogo na ni kimbilio: tell, teach na show. Haya yanapokea vyote viwili, mtu kwanza kisha jambo, bila kihusishi chochote. "Show me the map", nionyeshe ramani. "She taught me the rule", alinifundisha kanuni. "Tell us the reason", tuambie sababu. Muundo wao ni ule ule wa kwetu. Ukiwa unaongea na huna nafasi ya kufikiri, kimbilia mojawapo kati ya haya matatu na hutakosea.

Nikifundisha jambo hili hutumia kipimo kilichomo ndani ya Kiswahili chenyewe. Tunavyo vitenzi viwili, "sema" na "ambia". "Ambia" haiendi bila mtu, ukisema "aliambia kwamba atakuja", msikilizaji atauliza "alimwambia nani?" "Sema" nayo haimtaki mtu kwa namna hiyo, "alinisema" si sawa na "aliniambia", bali ni kwamba alinigombeza au alinisengenya. Sikio lako linaijua tofauti hii tangu utotoni. Basi ichukue uitumie: inform, notify, brief na wenzao ni ndugu wa "ambia", explain, clarify, describe na wenzao ni ndugu wa "sema". Kila ukikutana na kitenzi kipya cha jamii hii, kabla hujakiandika popote, amua ni ndugu wa nani.

Kipimo hicho kinakuokoa pia kwenye kauli ya kutendwa, mahali ambapo hata waandishi wazoefu huanguka. "Nilijulishwa" ni "I was informed", safi kabisa. "Nilielezwa" inamvuta mtu aandike "I was explained that", na hapo ndipo mambo yanapoharibika, kwa sababu kinachoelezwa katika Kiingereza ni jambo, si mimi. Andika "It was explained to me that", au urudi kwenye kundi la mtu: "I was told that". Mimi hupendelea la pili. Ni fupi, na linasikika kama mtu anayeongea.

Hatua ya pili: jifunze kitenzi pamoja na kihusishi chake

Kitenzi cha kundi la mtu kikishampata mtu wake, bado kinahitaji daraja la kufika kwenye jambo. Daraja hilo ni kihusishi, na kila kitenzi kina lake. Sisi tuna "kuhusu" na "juu ya", na tunavitumia karibu kila mahali. Kiingereza kina ubaguzi zaidi: inform, notify na apprise huchukua "of", brief na update huchukua "on", acquaint na familiarize huchukua "with", educate huenda na "about" au "on", na enlighten vivyo hivyo. "Inform" na "update" hukubali "about" pia.

Jozi inayosumbua kuliko zote ni clarify na elaborate. "Kindly clarify on this matter" imeenea sana katika barua za ofisini, na chanzo chake ni "fafanua kuhusu". "Clarify" ni wa kundi la jambo, analishika jambo kwa mkono wake mwenyewe: "Please clarify this matter." "Elaborate" ikiwa na maana ya kueleza kwa kirefu zaidi ndiyo inayohitaji "on": "Could you elaborate on this matter?" Kwa jirani huyu kihusishi ni lazima, kwa yule ni kosa. "Explain about" husikika katika mazungumzo, lakini kwenye maandishi ondoa "about", sentensi itakaa sawa bila hiyo.

Kihusishi kinaweza pia kubadilisha maana nzima. "Inform someone about" ni kumjulisha mtu jambo. "Inform on someone" ni kumchongea kwa wakubwa au kwa polisi, kutoboa siri zake ili akamatwe. Na "informer" ni mtu anayewatoa wenzake kwa siri. Mwandishi aliyekusudia kusema "alitujulisha" akaandika "he informed on us" amemgeuza rafiki kuwa msaliti kwa herufi mbili. Vivyo hivyo "instruct": "instruct someone in first aid" ni kumfundisha mtu huduma ya kwanza, lakini "instruct someone to leave" ni kumwamuru aondoke. Na "advise": "advise someone of a change" ni kumjulisha mabadiliko kwa lugha rasmi, ilhali "advise someone to wait" ni kumshauri asubiri.

Kwa kazi hii unahitaji kamusi ya aina yake. Kamusi ya visawe haitoshi. Peter Mark Roget, daktari Mwingereza, alipochapisha kamusi yake maarufu ya visawe mwaka 1852, aliipanga kwa mawazo badala ya alfabeti, ili mtu mwenye wazo kichwani alipate neno lililomponyoka. Neno "thesaurus" lenyewe lina asili ya Kigiriki, na maana yake ni hazina. Lakini hazina hiyo iliwekwa kwa ajili ya mtu ambaye tayari anajua kila neno linavyotumika. Kazi yake ni kukumbusha. Anayejifunza lugha anahitaji kitu kingine, na A. S. Hornby, Mwingereza aliyekuwa akifundisha Kiingereza Japani, alikiona. Kamusi aliyoiongoza ilitoka Tokyo mwaka 1942 ikiwa na jambo ambalo kamusi za wenye lugha hazikuwa na haja nalo: mifumo ya vitenzi, yaani kitenzi kipi kinafuatwa na nini. Kamusi za wanafunzi za leo zinafuata njia hiyo. Ukifungua "explain" utakuta muundo umeandikwa waziwazi, "explain something to somebody". Ukifungua "inform" utakuta "inform somebody of something". Soma mstari huo kabla ya kusoma maana. Uandike daftarini ukiwa mzima, kitenzi, nafasi ya mtu, kihusishi na nafasi ya jambo, maana neno lililoandikwa peke yake halikusaidii siku ya kuandika barua.

Hatua ya tatu: mpokeaji amepungukiwa na nini?

Sasa tuje kwenye maana. Kabla ya kuchagua neno, jiulize mtu unayemwandikia, au unayemzungumzia, amekosa kitu gani.

Huenda amekosa habari tu. Hajui kwamba mkutano umeahirishwa. Hapo hakuna kitu cha kufafanua. Kuna kitu cha kupasha. Neno la kila siku ni "let someone know", na kwa maoni yangu ndilo linalopuuzwa kuliko yote na wanafunzi wetu. Linafaa kwa bosi, kwa rafiki na kwa mteja, halina ubaridi wa ofisi wala ulegevu wa mtaani: "Please let me know by Friday." "Notify" ni taarifa rasmi, mara nyingi yenye wajibu wa kisheria au wa kikazi nyuma yake. "Brief" ni kumpa mtu maelezo anayoyahitaji kabla ya kazi. Kazi ikiisha, anayehojiwa kuhusu yaliyotokea huwa "debriefed". "Fill someone in" ni kumsimulia mtu yaliyompita alipokuwa hayupo, na mtu hukaa katikati: "fill me in". Usiichanganye na "fill in a form", kujaza fomu. "Bring someone up to speed" ni hilo hilo kwa kirefu, mtu akiingia katika kazi iliyokwisha kuanza.

Huenda habari anayo, ila haimwingii. Hapa ndipo Kiingereza kina utajiri, na utajiri huo unaeleweka vizuri ukizitazama picha zilizofichwa ndani ya maneno. Neno letu "eleza" limetoka kwenye "elea", kuwa wazi kwa mtu. Jambo likimwelea mtu, ameelewa. "Explain" inatoka kwenye Kilatini, na picha yake ni kusawazisha: kulichukua jambo lenye vilima na mashimo na kulifanya tambarare. Ndiyo maana "explain" inaweza kuanzia sifuri. Ardhi ilikuwa na mabonde tangu mwanzo, hakuna wa kulaumiwa. "Clarify" ni kusafisha kimiminika mpaka kiwe angavu, na hadi leo Kiingereza kinalitumia kwa mafuta au siagi iliyoyeyushwa na kuondolewa mashapo. Hapo tayari kuna kitu kilichosemwa, na kilikuwa na ukungu. "Explicate" ni kukunjua kitu kilichokunjwa, na wasomi hulitumia wanapochambua kifungu kigumu sentensi kwa sentensi. "Illustrate" ni kueleza kwa mifano au picha, "demonstrate" ni kuonyesha kwa vitendo au kwa ushahidi. "Interpret" ni kueleza maana iliyofichika, na pia ni kukalimani. "Interpreter" ni mkalimani.

Tofauti kati ya explain na clarify ina matokeo katika uhusiano wa watu. Ukimwandikia mtu "Please clarify", unamwambia kwa upole kwamba hakueleweka. Wakati mwingine ndivyo unavyotaka. Lakini kama hujawahi kuelezwa jambo hilo kabisa, "clarify" si neno lake. Hakuna maji machafu ya kuchuja. Andika "Could you explain how this works?" au "Could you tell me a little more about this?" Kwa upande mwingine, anayeandika "I would like to clarify that..." kwa kawaida anasahihisha uvumi au kauli iliyopotoshwa, kama sisi tunavyosema "napenda kuweka wazi kwamba". Kutoelewana kukiwa ni kati ya watu wawili, "clear up" inafaa zaidi: "Let me clear up the misunderstanding."

Huenda alichokosa si habari wala ufafanuzi, ni elimu yenyewe. "Teach" ni neno kongwe la Kiingereza, na maana yake ya kale ilikuwa kuonyesha. "Instruct" ni kufundisha kwa mpangilio, hasa ustadi wa kutenda. "Educate" ni kazi ya muda mrefu. Katika Kilatini asili yake ni kulea. Ndiyo maana "educate me on the price" inasikika nzito mno kwa swali la dakika moja. Kwa kampeni za kuelimisha umma, "educate the public about" ni sahihi, na "raise awareness of" ni kawaida zaidi pale unapotaka watu watambue tatizo kuliko kuwafundisha somo. Wengine wanaofanya kazi za miradi hupenda "sensitize the community". Linaeleweka katika mazingira hayo, lakini msomaji wa kwingine hulihusisha kwanza na mwili kuwa mwepesi kudhurika na kitu, kama ilivyo kwa mzio. "Edify" lina picha ya kujenga nyumba, na linakubaliana kabisa na matumizi yetu ya "kujenga" tunapozungumzia mafundisho ya dini au ya maadili. Nje ya muktadha huo usilitumie.

Kuna upungufu wa nne, wa mtu aliye gizani bila kujua kwamba yuko gizani. Hapa huja maneno ya nuru. "Enlighten" humshika mtu na humpa utambuzi mpya. Ni karibu na kuzindua au kufumbua macho. Kipindi cha fikra cha karne ya 18 barani Ulaya huitwa "the Enlightenment", na mwanafalsafa Immanuel Kant aliandika makala mwaka 1784 akijibu swali la mwangaza huo ni nini. Neno hilo hilo hutumika kwa kuelimika kwa kiroho katika Ubudha. Uzito wote huo unalifuata neno kila linapokwenda. "Illuminate" na "elucidate" pia yana nuru ndani yake, ila yanalishika jambo, si mtu: unaangaza hoja, humwangazii mtu. "Shed light on" ni la kila siku, na mara nyingi kinachotoa mwanga si mtu bali ugunduzi au ushahidi: "The letters shed light on his early life."

Hatua ya nne: pima uzito

Kiingereza kina ngazi, na ngazi hiyo ina historia. Wanormani kutoka kaskazini mwa Ufaransa waliiteka Uingereza mwaka 1066, na kwa karne kadhaa Kifaransa kikawa lugha ya ikulu na sheria, Kilatini kikabaki cha kanisa na wasomi, na maneno ya wenyeji yakabaki midomoni mwa watu wa kawaida. Ndiyo sababu tell, show na teach ni mafupi na ya karibu, explain na inform yako katikati, na elucidate, explicate na apprise yako juu kabisa. Sisi hatuna haja ya kushangaa. "Nakujulisha" na "nakuarifu" zinafanya kazi moja, lakini ile yenye mzizi wa Kiarabu tunaisikia zaidi kwenye barua yenye mhuri.

Ushauri wangu ni kukaa katikati ya ngazi na kupanda tu unapokuwa na sababu. "Elucidate" inafaa katika tasnifu. Katika barua kwa mwenzako kazini inakuweka mbali naye. "Apprise", yaani kujulisha, ni rasmi sana, na linafanana hatari na "appraise", ambalo ni kutathmini. Ukikosea herufi moja, umemwomba bosi akutathmini badala ya kukujulisha. Ukitaka uwazi na adabu kwa pamoja, explain, clarify, inform na let someone know zitakutosha kwa karibu kila barua utakayoiandika. Wanafunzi hupanda ngazi wakidhani ndiko uhodari uliko. Lakini msomaji wa Kiingereza akikuta neno kubwa kwenye ombi dogo, hulitazama neno na kulisahau ombi.

Hatua ya tano: sikiliza hisia iliyojificha

Hapa hakuna kanuni, kuna maneno ya kuchunga moja moja.

"Enlighten me" inaonekana kama ombi la unyenyekevu, na mtu anayefikiri "niangazie" huiandika kwa moyo safi. Katika mazungumzo ya Kiingereza, hata hivyo, mara nyingi ni kejeli: haya basi, mjuaji, tuambie. Ukitaka kuonyesha unyenyekevu wa kweli, sema "I'd like to understand this better."

"Spell out" ni kueleza kila kipengele bila kuacha mtu akisie, na katika mkataba ni sifa nzuri: "The contract spells out our duties." Lakini "Do I have to spell it out?" ni sauti ya mtu aliyechoka. "Make it clear" nayo ina ukali: "I made it clear that he must pay" si ufafanuzi tena, ni onyo. "Explain yourself" ni sawasawa na "jieleze!" ya mwalimu kwa mwanafunzi aliyechelewa. "Explain away" ni kutoa maelezo ya kulipunguzia jambo uzito, kama mtu anayetafuta kila sababu ili kosa lisionekane kosa.

"Lecture" kama nomino ni mhadhara wa chuo. Kama kitenzi kinachomshika mtu, "he lectured me about punctuality", ni kumpa mtu mawaidha asiyoyaomba. "Preach" nje ya ibada ina harufu hiyo hiyo. Na pale ambapo anayefundisha hataki mwanafunzi afikiri, Kiingereza kina "indoctrinate". Kiswahili kinalo neno lake, tena lenye makali: kumlisha mtu kasumba. Ukilitumia mahali pa "teach" umetoa hukumu, kwa hiyo litumie ukiwa umekusudia hukumu hiyo.

Hatua ya sita: nomino zisikuangushe

"Maarifa", "mashauri", "taarifa hizi": Kiswahili kinaviona kwa wingi. Kiingereza hakihesabu knowledge, advice wala information. Hakuna "informations", "advices" wala "knowledges" katika maana hizi. Ukitaka kuhesabu, sema "a piece of information", "two pieces of advice". "Advice" kwa herufi c ni nomino, "advise" kwa s ni kitenzi, na hata matamshi ya mwisho hutofautiana.

"Explain" ikiwa nomino inapoteza herufi yake: "explanation", bila i baada ya a ya kwanza. "Instruction" kwa umoja huweza kuwa ufundishaji, kwa wingi, "instructions", ni maelekezo ya kufuata. "Demonstration" ni onyesho la vitendo, na pia ni maandamano, kwa hiyo muktadha uwe wazi. Kwa kivumishi, kitabu kilichojaa taarifa ni "informative", na mazungumzo yaliyokufungua macho ni "enlightening", ambalo kwa umbo hili mara nyingi ni sifa ya dhati.

Hatua ya saba: pitisha sentensi nzima

Chukua ombi hili: "Naomba unifafanulie kuhusu mabadiliko ya ratiba, kisha uwajulishe wenzangu." Tafsiri ya haraka hutoa "I request you to clarify me about the changes of timetable and inform to my colleagues." Tuipitishe. "Nifafanulie": je, mabadiliko yalikwisha kutangazwa na hayakueleweka? Tuseme ndiyo, basi clarify inafaa. Ni ndugu wa "sema", kwa hiyo "me" inaondoka na "about" inaondoka: "clarify the changes". Mabadiliko ya ratiba ni "changes to the timetable". "Wajulishe": ni habari tu, na wenzangu ni watu wa kawaida, hivyo "let my colleagues know". Ukipenda "inform", ni ndugu wa "ambia", kwa hiyo "to" haina kazi mbele ya mtu. "Naomba" ya adabu katika Kiingereza mara nyingi huwa swali: "Could you clarify the changes to the timetable and let my colleagues know?"

Nyingine: "Nilielezwa kwamba fomu ipo, lakini sikuelekezwa namna ya kuijaza." Mbili za kutendwa kwa mpigo. "I was told that there was a form, but no one showed me how to fill it in." Ya pili nimeitoa kwenye kutendwa na kuipeleka kwa show, kwa sababu kinachokosekana ni kuonyeshwa jinsi ya kufanya. "I was not shown how to fill it in" pia ni sahihi, maana show inampokea mtu.

Na ya mwisho, inayofunga barua nyingi: "Asante kwa kunielimisha." Moyo wake ni mzuri, lakini "Thank you for educating me" na "Thank you for enlightening me" zinaweza kusomeka kama kejeli na mtu asiyekufahamu. Andika "Thank you for explaining that", au uongeze kilichobadilika ndani yako: "Thank you for explaining that. It is much clearer to me now."